EDL: Namna Harakati ya Mitaani Dhidi ya Waislamu Ilivyoibuka na Kuporomoka Uingereza

Anayekwenda kutazama mpira katika uwanja wa Kenilworth Road mjini Luton, kama kilomita 50 kaskazini mwa London, hupita kwanza katika mtaa wa Bury Park, ambako maduka ya vitambaa, bucha za nyama halali na misikiti vimepangana ubavu kwa ubavu. Mlango wa mashabiki wageni umetobolewa katikati ya safu ya nyumba za watu, na mtu akipanda ngazi kuelekea jukwaani huziona nyua za nyumba hizo chini yake, kamba za nguo zilizoanikwa na baiskeli za watoto. Vijana wa Kizungu wa Luton na majirani zao wenye asili ya Pakistan na Bangladesh hawakuwa, basi, watu wasiojuana. Walipishana barabara moja kila timu ilipocheza nyumbani. Ninaanza na uwanja huu kwa sababu harakati iliyoitwa English Defence League ilizaliwa katika mazingira ya mpira kabla ya kuwa jambo la siasa, na asiyelizingatia hilo atapata taabu kueleza kwa nini ilipanda upesi namna ile, na kwa nini ilishuka upesi vile vile.

Kiswahili nacho kinatutatiza kidogo hapa. Neno Uingereza tunalitumia kwa nchi nzima, yaani England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, na papo hapo tunalitumia kwa England peke yake. Waanzilishi wa harakati hii waliichagua England peke yake kwa makusudi, wakabeba bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu wa Mtakatifu George. Jina lao lingeweza kufasiriwa kuwa Umoja wa Kuilinda England. Katika makala haya nitatumia kifupisho kilichozoeleka, EDL.

Kisa chenyewe kilianza tarehe 10 Machi 2009, pale askari wa kikosi cha Royal Anglian waliokuwa wamerejea kutoka Iraq walipopita kwa gwaride katikati ya mji wa Luton. Kando ya barabara walisimama watu wapatao 20 wenye mabango yaliyowaita askari hao wachinjaji wa Basra, na umati uliokuja kuwapokea askari ukawageukia kwa hasira, hata polisi wakalazimika kusimama katikati. Waliopanga kitendo hicho walikuwa masalia ya al-Muhajiroun, kundi la Kiislamu la siasa kali lililoasisiwa na Omar Bakri Muhammad na kuendelezwa na Anjem Choudary, mtu aliyesomea sheria na aliyejua vyema ni neno gani litamfikisha katika ukurasa wa mbele wa magazeti. Waislamu wa Luton kwa jumla walikuwa wamekwisha kuwachoka watu hao, na mwezi Mei mwaka huo huo waumini wa msikiti mmoja mjini humo waliwafuata mtaani na kuwataka waondoke. Hata hivyo habari hiyo haikusambaa kama zilivyosambaa picha za mabango, na kwa maelfu ya watu waliokuwa wakitazama televisheni, wale watu 20 ndio waliogeuka kuwa sura ya Uislamu wa Luton.

Majibu yalikuja kwa awamu. Kwanza liliundwa kundi la wenyeji lililojiita United People of Luton, ambalo maandamano yake ya Mei 2009 yaliishia kwa madirisha ya maduka ya Waasia kuvunjwa. Kisha, tarehe 27 Juni 2009, likatangazwa jina jipya la EDL. Kiongozi wake alijulikana kwa jina la Tommy Robinson, ingawa jina lake halisi ni Stephen Yaxley-Lennon. Hilo la kwanza alilikopa kwa mhuni mashuhuri wa mpira wa Luton. Alizaliwa mwaka 1982, akajifunza ufundi wa ndege katika uwanja wa ndege wa mji huo, akafungwa mwaka 2005 kwa kumshambulia askari polisi aliyekuwa nje ya zamu, na baadaye akafungua duka la kubabua ngozi kwa taa. Luton aliyokulia ilikuwa imepoteza nguzo yake ya kazi, kwa kuwa kiwanda cha Vauxhall kilisimamisha uundaji wa magari madogo mwaka 2002. Simaanishi kwamba ukosefu wa kazi humfanya mtu achukie msikiti, maana miji mingi ilipoteza viwanda bila kuzaa EDL, lakini ulipofika wakati wa kumtafuta wa kulaumiwa palikuwa na kundi kubwa la wanaume waliohisi kwamba mji wao umepewa wengine.

Kilichoibeba EDL nje ya Luton kilikuwa mtandao wa makundi ya wahuni wa mpira. Makundi hayo yalikuwa na miongo kadhaa ya uzoefu wa kukusanya wanaume mia kadhaa katika mji wa ugenini, kukodi mabasi na kukwepa polisi. Yalikuwa pia na uhasama mkubwa baina yao, na werevu wa waanzilishi ulikuwa kuyashawishi yasitishe ugomvi kwa siku moja kwa ajili ya adui wa pamoja. Mtandao wa Facebook, ambao wakati huo ulikuwa ukienea nchini kwa kasi, ulimaliza kazi iliyobaki. Hapakuwa na kadi ya uanachama wala ada. Mtu alibonyeza kitufe akawa ndani, akajiunga na kitengo cha mji wake, akanunua fulana yenye kofia iliyochapwa jina la kitengo hicho. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya Demos ilikadiria kwamba EDL ilikuwa na wafuasi kati ya 25,000 na 35,000, wengi wao wanaume wa umri wa chini ya miaka 30.

Harakati hii ilitofautianaje na chama cha kibaguzi cha BNP, ambacho wiki tatu tu kabla ya kuzaliwa kwa EDL kilikuwa kimepata viti viwili katika Bunge la Ulaya? BNP kilijengwa juu ya rangi na damu. EDL ilikana ubaguzi wa rangi na kusema kwamba ugomvi wake ni na dini, tena na wale wenye siasa kali tu. Kaulimbiu yake ilidai kwamba wafuasi wake si wabaguzi wala wapenda fujo, ila wamechoka kunyamaza. Ilianzisha kitengo cha Wayahudi, kitengo cha Masingasinga, kitengo cha wanawake na kitengo cha mashoga, na katika mikutano yake palipepea bendera ya Israel karibu na ile ya Mtakatifu George. Lugha ya kutetea haki za wanawake na uhuru wa kusema, ambayo kwa kawaida ni lugha ya wapinzani wa ubaguzi, iliazimwa ikatumiwa kuwa fimbo ya kuwapigia Waislamu. Bodi inayowawakilisha Wayahudi wa Uingereza iliikataa EDL waziwazi, na Juni 2011 kiongozi wa kile kitengo cha Wayahudi alijiuzulu akilalamikia wapenzi wa Unazi waliojaa ndani yake.

Mstari kati ya mwenye siasa kali na Mwislamu wa kawaida uliandikwa katika taarifa za viongozi, lakini mtaani haukuwapo. Kibwagizo kilichoimbwa sana katika maandamano yao kilimtukana Mwenyezi Mungu kwa jina analoitwa na kila Mwislamu, na jiwe lililorushwa dirishani halikuuliza kama mwenye duka anaswali. Oktoba 2010 waliandamana Leicester, mji ambao halmashauri yake mwaka 1972 ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Waasia waliofukuzwa na Idi Amin wasihamie huko. Wengi walihamia hata hivyo.

Inafaa kuitazama siku moja ya maandamano hayo kwa karibu. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986, mamlaka za mji, kwa ombi la polisi na idhini ya waziri wa mambo ya ndani, zinaweza kupiga marufuku msafara wa kutembea, lakini haziwezi kuwakataza watu kusimama mahali wakapiga kelele. Ndiyo maana tarehe 28 Agosti 2010 EDL ilifika Bradford ingawa matembezi yake yalikuwa yamekatazwa. Mji huo ulikuwa bado na kumbukumbu chungu ya ghasia za 2001, ambamo vijana wenye asili ya Asia walipambana na polisi, na siku moja kabla, wanawake wa jamii zote walifunga utepe wa kijani katikati ya mji kama ishara ya amani. Wafuasi wa EDL wapatao 700 walishushwa kwenye mabasi na kuzungushiwa uzio wa polisi katika kibustani cha muda, pembeni ya shimo kubwa lililokuwa limechimbwa kwa ajili ya kituo cha biashara ambacho ujenzi wake ulikuwa umekwama. Walirusha chupa na mawe, na kundi moja likapanda ukuta wa mabati na kudondokea ndani ya eneo la ujenzi. Jioni walipakiwa tena mabasini. Vijana wa Kiislamu ambao wengi walihofu wangerudia ya 2001 hawakufanya hivyo, kwa sababu wazee na viongozi wa mitaa walikuwa wameshinda kutwa nzima wakiwazuia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku EDL ilipokosa kitu ilichokihitaji kuliko bendera zake zote, yaani Mwislamu mwenye hasira wa kupigwa picha.

Kilele kilikuja tarehe 5 Februari 2011, iliporudi Luton na kukusanya watu wapatao 3,000. Siku hiyo hiyo, katika mkutano wa usalama mjini Munich, Waziri Mkuu David Cameron alitoa hotuba iliyosema kwamba sera ya serikali ya kuziacha tamaduni ziishi kila moja kivyake imeshindwa. Hotuba ilikuwa imepangwa bila kuhusiana na maandamano, lakini waliokuwa Luton waliipokea kama pongezi.

Baada ya hapo nyufa zilianza kuonekana, na nyingi zilitoka ndani. Harakati isiyo na uanachama haina pia njia ya kumfukuza mtu, wala ya kuamua nani amesema kwa niaba yake. Vikundi vya kaskazini vilivyojiita Infidels, ambavyo havikuona haja ya kuficha ubaguzi wa rangi, vilianza kujitenga. Aprili 2011, katika mkutano wa Blackburn, Robinson alimpiga kichwa mfuasi wa EDL mbele ya watu, na baadaye mwaka huo mahakama ikamtia hatiani. Uhasama wa zamani wa mashabiki, uliosimamishwa kwa muda, ulikuwa umerejea.

Tarehe 22 Julai 2011 Anders Breivik, mfuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia, aliua watu 77 nchini Norway, na katika maandishi marefu aliyoyatawanya kabla ya mauaji alikuwa ameitaja EDL. Viongozi walimkana, lakini madai yao kwamba wao ni watu wa kawaida wenye wasiwasi wa kawaida yaliingia doa. Agosti mwaka huo Theresa May, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alipiga marufuku matembezi katika Tower Hamlets, mashariki mwa London, na mwaka uliofuata huko Walthamstow wapinzani waliifunga barabara hata EDL ikashindwa kufika ilikokusudia. Msisimko wa kwanza ulikuwa umepungua. Aliyekwisha kusafiri saa nne, akasimama saa mbili ndani ya uzio wa polisi na kurudi nyumbani usiku, huenda mara ya pili na ya tatu, lakini mara ya kumi hutaka kujua amepata nini. EDL haikuwa na jibu, maana haikuwa na mgombea wala sera, na jaribio la 2012 la kushirikiana na chama kidogo cha British Freedom halikufika popote.

Hata adui zao walikuwa wakiiga mwenendo huo wa kubahatisha. Tarehe 30 Juni 2012 wanaume Waislamu wa siasa kali kutoka Birmingham waliendesha gari hadi Dewsbury wakiwa na bunduki, mapanga, visu na bomu la kienyeji lililojazwa misumari, wakikusudia kuushambulia mkutano wa EDL. Walifika mkutano umekwisha kuvunjika. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha gari lao na kulizuia kwa sababu halikuwa na bima, na silaha ziligunduliwa ndani yake siku mbili baadaye. Watu 6 walifungwa. Watafiti wa siasa kali wameeleza kwa kirefu jinsi makundi mawili yanayochukiana yanavyolishana, na Dewsbury ni mfano ambao ulikaribia mno kuwa msiba.

Msiba wenyewe ulikuja tarehe 22 Mei 2013, wakati askari Lee Rigby alipogongwa kwa gari na kuchinjwa mchana kweupe karibu na kambi ya Woolwich, London. Michael Adebolajo, mmoja wa wauaji wawili, alikuwa amewahi kushiriki maandamano ya kundi la Choudary. Wasomaji wa pwani yetu huenda wanalikumbuka jina hilo kwa sababu nyingine: Novemba 2010 alikamatwa Kizingitini, kisiwani Pate, akishukiwa kuelekea Somalia kujiunga na al-Shabaab, akafikishwa mahakamani Mombasa kisha akarudishwa Uingereza. Kwa EDL iliyokuwa ikififia, mauaji hayo yalikuwa kama mafuta kwenye makaa. Siku tatu baadaye watu zaidi ya 1,000 waliandamana Newcastle, na wafuasi wake wa Facebook wakaongezeka kwa makumi ya maelfu.

Katika wiki mbili hizo yalitokea mambo mawili ambayo ningependa yakumbukwe kwa pamoja. La kwanza ni la mji wa York, ambako wafuasi wachache wa EDL walifika kuandamana mbele ya msikiti na kukuta waumini wamewaandalia chai na biskuti. Walizungumza, wakaingia ndani, na mwisho wakacheza mpira pamoja. La pili linatugusa kwa karibu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 2013 jengo la kituo cha Kiislamu huko Muswell Hill, kaskazini mwa London, liliteketea kwa moto, na ukutani zilikutwa herufi tatu za EDL zilizopulizwa kwa rangi. Kituo hicho kilikuwa cha Wabarawa, watu wa Barawa ya pwani ya Somalia wanaosema Chimwiini, lugha ambayo Mswahili wa Lamu au Mombasa akiisikia hushtuka kwa kuelewa zaidi ya alivyotarajia. Walikuwa wamekimbia vita, wakajenga mahali pa kuswali na pa kuwafundishia watoto baada ya shule. Herufi ukutani peke yake hazithibitishi nani aliwasha moto, lakini zinaonyesha kifupisho hicho kilikuwa kimefika wapi: mtu yeyote mwenye kopo la rangi angeweza kukitumia, wala hakuhitaji ruhusa ya Luton. Ramadhani ilipoingia, sinagogi moja la kaskazini mwa London liliwafungulia Wabarawa milango wapate mahali pa kukutania.

Ufufuko wa EDL ulidumu miezi minne hivi. Tarehe 8 Oktoba 2013 Robinson na binamu yake Kevin Carroll walitangaza kujitoa, wakiwa wamekaa meza moja na viongozi wa Quilliam, taasisi ya Waislamu iliyopinga siasa kali. Robinson alieleza kwamba ameshindwa kuwazuia wafuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia waliomo ndani ya harakati, maelezo yaliyowashangaza waliokuwa wakimwambia hivyo tangu 2009, na baadaye alidai kwamba Quilliam ilikuwa imemlipa. Mapema mwaka huo alikuwa amefungwa kwa kusafiri na pasipoti ya mtu mwingine, na Januari 2014 akafungwa tena kwa udanganyifu wa mkopo wa nyumba. Waliorithi uongozi walibadilishana vyeo huku umati ukipungua. Aprili 2017 huko Birmingham walijitokeza watu 100 hivi, na kilichobaki katika kumbukumbu za siku hiyo ni picha ya msichana mmoja aliyesimama mbele ya kiongozi wao, mikono mfukoni, akimtazama kwa tabasamu kana kwamba anasubiri amalize.

Ni rahisi kusema kwamba EDL ilishindwa na wapinzani wake, na wapinzani wana haki ya kujisifu kiasi, kwa kuwa waliifanya kila safari iwe ghali na ya kuchosha. Sidhani kuwa hiyo ndiyo sababu kubwa. Nadhani iliangushwa na yale yale yaliyoiinua. Mtandao wa wahuni wa mpira uliipa watu upesi, na wakaja na ugomvi wao. Ukosefu wa uanachama uliwafungulia mlango watu wengi kwa siku moja, na baadaye haukuwepo utaratibu wa kuwashika wala kuwatimua. Kiongozi mmoja mwenye kipaji cha kuzungumza kwenye kamera aliipa sura, na alipoondoka ikabaki bila sura. Zaidi ya hayo, hisia iliyokuwa ikiibeba ilipata nyumba nyingine zenye starehe zaidi. Chama cha UKIP, kilichotaka Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya na ambacho kanuni zake ziliwakataa waliowahi kuwa EDL, kiliongoza uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa 2014 nchini humo, na mtu aliyekuwa na hofu juu ya wageni hakulazimika tena kusimama mvuani kupigiwa kelele. Angeweza kupiga kura na kurudi nyumbani. Robinson mwenyewe alijigeuza kuwa mtu wa video za mtandaoni. Alifungwa mara kadhaa kwa kudharau mahakama, na Septemba 2025 mkutano alioutisha London ulikusanya watu ambao polisi waliwakadiria kuwa kati ya 110,000 na 150,000, idadi ambayo EDL katika siku zake bora haikuikaribia.

Jina la EDL lenyewe lilirudi magazetini mwaka mmoja kabla ya mkutano huo. Tarehe 29 Julai 2024 wasichana watatu waliuawa kwa kisu katika darasa la dansi mjini Southport, na mtandaoni ukaenea uvumi kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa mashua, pamoja na jina la kubuni, hali ya kuwa kijana aliyekamatwa alizaliwa Cardiff kwa wazazi waliotoka Rwanda. Kesho yake, tarehe 30 Julai, mahakama ya Woolwich ilimhukumu Anjem Choudary kifungo cha maisha kwa kuliongoza kundi la al-Muhajiroun, asifikiriwe kutoka kabla ya miaka 28. Jioni ya siku hiyo hiyo umati uliupiga msikiti wa Southport kwa matofali yaliyong'olewa katika kuta za majirani, na polisi wakasema wanaamini wamo wafuasi wa EDL. Naibu waziri mkuu Angela Rayner alipoulizwa kama EDL ingepigwa marufuku alijibu kwamba suala hilo litaangaliwa, ingawa wakati huo haikuwa na ofisi, orodha ya wanachama wala mwenyekiti ambaye barua ya marufuku ingeandikwa kwa jina lake.